Risasi mpya ya Wamarekani, SMG yetu ya zamani, na wolframu ya Rwanda



Mwezi Mei 2025 jeshi la nchi kavu la Marekani liliipa bunduki yake mpya jina rasmi: M7. Kabla ya hapo iliitwa XM7, ile X ikiwa na maana kwamba kitu bado kiko kwenye majaribio. Huku kwetu habari hii ilipita kimyakimya. Siwalaumu wahariri, maana bunduki mpya ya Marekani na bei ya sukari Kariakoo, kipi kinauza gazeti?

Ila kuna jambo limefunikwa hapo. Wamarekani hawakubadilisha bunduki tu. Wamebadilisha RISASI. Bunduki hubadilishwa kila baada ya muda na maisha yanaendelea, lakini risasi ya jeshi ikibadilika ujue viwanda vinabadilika, maghala yanabadilika, washirika wanaanza kusukumwa wafuate, na ile ya zamani inatafutiwa pa kwenda. Mara ya mwisho Wamarekani kubadilisha risasi ya askari wao wa kawaida ilikuwa wakati wa vita vya Vietnam. Babu zetu walikuwa vijana.

Basi leo tuichambue hii risasi. Wasiopenda hesabu msikimbie, nitaweka kidogo tu, ya kidato cha pili.

Kwanza tuelewane kwenye maneno. Kiswahili chetu tunasema "risasi" kwa vitu viwili. Kuna kile kinachotoka kwenye mtutu na kwenda kumpiga mtu, hicho nitakiita kichwa. Halafu kuna kitu kizima unachokipachika kwenye magazini: ganda la shaba nyeupe, ndani yake baruti, chini kwenye kitako kuna fataki, na juu ndiyo kichwa. Ukivuta kifyatulio, pini inagonga fataki, fataki inawasha baruti, baruti inageuka gesi, na gesi inakosa pa kwenda isipokuwa kukisukuma kichwa mbele. Ganda linatanuka na kuziba chemba ili gesi isirudi usoni kwako, kisha linatolewa pembeni. Hapo ndipo kila kitu kinapoamuliwa: uzito wa bunduki, inavyopiga teke, askari abebe risasi ngapi, kichwa kifike wapi. Bunduki yenyewe ni bomba la kuongozea tu (mafundi bunduki mtanisamehe).

Sasa turudi Tanga. Ndiyo, Tanga hii hii.

Novemba 1914 Waingereza walishusha jeshi kubwa kutoka India wakitaka kuuteka mji. Waliokuwa upande wa Mjerumani, wengi wao askari Waafrika, walikuwa wachache sana, na bado wakawarudisha Waingereza baharini. Historia hiyo mnaijua, na wengine mnaijua kwa habari ya nyuki. Kisichosemwa sana ni kwamba askari wengi wa Schutztruppe siku hizo walikuwa na bunduki ya mwaka 1871, Mauser ya milimita 11, inayotumia baruti nyeusi. Ukipiga risasi moja linatoka wingu la moshi mweupe, na adui anajua ulipo hata kama umejificha nyuma ya mbuyu. Ndiyo maana Wajerumani walikuwa wanahangaika kupata Mauser mpya. Aprili 1915 meli yao iitwayo Rubens, ikijifanya ya Kidenmark, ikafika Ghuba ya Manza kaskazini ya Tanga ikiwa na shehena ya bunduki za kisasa na mamilioni ya risasi. Manowari ya Kiingereza, Hyacinth, ikaishambulia pale pale. Meli ikaingia maji, Waingereza wakaona kazi imekwisha wakaondoka. Wajerumani wakaiopoa shehena. Risasi zilikuwa zimelowa maji ya chumvi, ikabidi zifunguliwe, baruti ianikwe na kukaushwa, kisha zifungwe upya. Nani unadhani walikaa kwenye jua wakifanya kazi hiyo? Vita vile viliendelea hadi Novemba 1918.

Nimelileta hili kwa sababu linaonyesha kilichotokea duniani kati ya risasi hizo mbili. Mwaka 1884 mkemia Mfaransa Paul Vieille alitengeneza baruti isiyotoa moshi, na miaka miwili baadaye Ufaransa ikawa na bunduki ya Lebel ya milimita 8. Ulaya nzima ikachanganyikiwa, kila jeshi likakimbilia kufanya hivyo hivyo. Baruti mpya haikuondoa moshi tu. Ilikuwa na nguvu nyingi zaidi kwa uzito ule ule, kwa hiyo kichwa kingeweza kuwa chembamba, chepesi na chenye kasi kubwa.

Na kasi ndiyo mpango mzima. Kumbukeni darasani: nishati ya mwendo ni nusu ya uzito zidisha kasi, zidisha kasi tena. Ukiongeza uzito wa kichwa mara mbili, nishati inaongezeka mara mbili. Ukiongeza kasi mara mbili, inaongezeka mara NNE. Chukua Mauser ya moshi: kichwa cha gramu 25, kasi kama mita 440 kwa sekunde. Piga hesabu, utapata joule 2,400 na kidogo. Chukua ya Mjerumani ya mwaka 1905 yenye kichwa kilichochongoka: gramu 10, kasi karibu mita 880. Inatoka joule 3,800 na zaidi. Uzito haufiki hata nusu, nishati imezidi kwa nusu nzima. Na kwa kuwa kimechongoka, kinapasua hewa vizuri na kufika mbali.

Kwa miaka 40 majeshi yakabaki hapo, na risasi zenye nguvu ya kuua mtu aliye kilomita moja na zaidi. Kasoro ni moja: hakuna askari wa kawaida anayemwona mtu kilomita moja, sembuse kumpiga. Vita vya pili vya dunia vikaonyesha kwamba mapambano mengi yanatokea chini ya mita 300 au 400. Kwa hiyo unambebesha mtu mzigo wa nguvu asioitumia, bunduki inampiga teke mpaka anafumba macho, na akitaka kumimina risasi mfululizo mtutu unakwenda mbinguni.

Wajerumani wakafupisha ganda (StG 44). Warusi wakafanya lao: 7.62 kwa 39, iliyoanza kutengenezwa mwaka 1943. Namba ya kwanza ni kipenyo, ya pili ni urefu wa ganda, zote kwa milimita. Kichwa gramu 8, kasi mita 715, joule kama 2,000. Ndiyo risasi ya AK-47. Ndiyo hiyo ambayo polisi wetu wakikamata jambazi wanaandika "SMG moja na risasi 27". Kila siku mnaisoma.

Wamarekani walifanyaje? Hapa siasa inaingia, na mimi napenda hapa kuliko kwenye fizikia. Waingereza walikuwa na risasi yao nzuri ya nguvu ya kati, waliiita .280, kipenyo kama milimita 7. Mwaka 1951 serikali ya Attlee ikatangaza itaitumia. Wamarekani wakakataa katakata. Wakubwa wao wa idara ya silaha, akina Kanali René Studler, walitaka risasi ya nguvu kamili kama waliyozoea. Churchill aliporudi madarakani akaona umoja wa NATO ni muhimu kuliko milimita, akaitupa ya nyumbani. Mwaka 1954 NATO nzima ikakubali 7.62 kwa 51 ya Wamarekani: gramu 9.5, mita 840, zaidi ya joule 3,300. Ndiyo ya G3 ambayo majirani zetu Kenya wameibeba miaka nenda rudi.

Halafu sasa cheka. Wamarekani waliowalazimisha wenzao hawakukaa nayo hata miaka 15. Walipofika Vietnam wakakuta askari wao na M14 nzito msituni wanakutana na vijana wenye AK wanaomimina risasi tu. Wakakimbilia bunduki ya Eugene Stoner, M16, yenye risasi ndogo ya 5.56: kichwa cha gramu 3.6 tu, lakini kasi karibu mita 990. Fanya hesabu tena. Kichwa hakifiki nusu ya cha AK, ila nishati ni joule 1,700 na kitu, siyo mbali na AK yenyewe. Risasi moja nzima ina uzito wa gramu 12, ile ya G3 ni 24. Yaani mzigo ule ule, risasi mara mbili. Washirika wa NATO, waliokwisha kununua mabunduki ya 7.62, wakabaki wameshika tama. Mwaka 1980 nao wakahamia 5.56, safari hii toleo la Wabelgiji liitwalo SS109. Warusi walikuwa wameshafuata na 5.45 yao kwenye AK-74. Wachina, ambao hawapendi kuvaa nguo ya mtu, wakatoka na 5.8 yao mwaka 1987.

Kuna mkasa wa M16 lazima niuseme, maana ndio unaoonyesha kwamba risasi si mchezo. Bunduki ile ilijaribiwa na aina moja ya baruti. Ilipokwenda vitani jeshi likabadilisha baruti. Nyingine kabisa. Hiyo mpya ilifanya bunduki ifyatue haraka kuliko ilivyosanifiwa, na ilikuwa na chokaa nyingi iliyowekwa kupoza tindikali ndani ya baruti. Chokaa ikawa inaganda kwenye njia ya gesi. Chemba haikuwa imepakwa kromiamu, kwa hiyo kwenye unyevu wa Vietnam ikaota kutu, maganda yakawa yananasa. Na juu ya yote askari wengi hawakupewa vifaa vya kusafishia, kwa sababu ilisemekana bunduki haihitaji kusafishwa sana! Vijana walikutwa wamekufa bunduki zao zimefunguliwa mapajani, wakijaribu kutoa ganda lililokwama. Bunge la Marekani likaunda kamati chini ya mbunge Richard Ichord, na mwaka 1967 ripoti yake ikawachana wakubwa wa jeshi hadharani. Mtu mmoja ofisini kabadilisha unga ndani ya ganda, basi.

Mdau mmoja aliwahi kuuliza kwenye maoni: inakuwaje risasi ndogo kama msumari imwangushe mtu mzima? Swali zuri. Kichwa kilichochongoka ni kizito nyuma kuliko mbele. Hewani kinakaa sawa kwa sababu mtutu umekizungusha kama pia. Kikiingia kwenye kitu kizito kama mwili, ule mzunguko hautoshi tena, kinapinduka, makalio yanataka kutangulia. Cha 5.56 kikiwa bado na kasi kubwa kinaweza kuvunjika vipande wakati kinapinduka. Cha 5.45 ya Mrusi kina nafasi tupu mbele ndani yake, kwa hiyo kinapinduka mapema. Mujahidina wa Afghanistan walikiita risasi ya sumu. Sumu hamna humo, ni hiyo nafasi tupu tu.

Na hapa kuna unafiki wa zamani ambao kila Mwafrika anapaswa kuujua. Mwaka 1899 mataifa yalikutana The Hague, yakapitisha tamko la kukataza risasi zinazopasuka na kutanuka mwilini, zile za dum-dum, jina la mji karibu na Calcutta ambako Waingereza walikuwa wakizitengeneza. Mwingereza alipinga. Hoja ya mjumbe wake, Sir John Ardagh, ilikuwa kwamba mtu wa Ulaya akipigwa risasi anajua amejeruhiwa anakaa chini, lakini "mshenzi" anaendelea kukimbilia mbele na mkuki, kwa hiyo anahitaji risasi kali zaidi. Mshenzi huyo ni nani? Ni babu yako. Uingereza ilikubali tamko mwaka 1907. Marekani haijajiunga nalo mpaka leo, ingawa husema inafuata roho yake. Tangu hapo wasanifu wa risasi wanacheza kwenye mstari: kichwa kisichotanuka kisheria, lakini kinachopinduka na kuvunjika "chenyewe".

Mstari huo uliwageukia wenyewe. Ile risasi ya NATO ya 1980 iliwekewa kipande cha chuma cha pua mbele, iweze kutoboa helmeti ya Mrusi kutoka mbali. Mrusi hakuja. Oktoba 1993 askari wa Marekani wakajikuta nayo Mogadishu, mbele ya Wasomali wembamba wasio na helmeti wala fulana ya kuzuia risasi. Malalamiko yao yamo kwenye kitabu cha Mark Bowden, Black Hawk Down: mtu anapigwa, risasi inapita upande wa pili, anaendelea. Afghanistan malalamiko yakarudi, tena mabaya zaidi kwa sababu bunduki zilikuwa zimefupishwa mtutu (M4), na mtutu mfupi unapunguza kasi, na kasi ikipungua kichwa hakivunjiki. Pia adui alikuwa anapiga kutoka milimani, mbali sana, na 5.56 ikifika huko imechoka. Mwaka 2010 wakatoa toleo jipya, M855A1, chuma na shaba nyekundu bila madini ya risasi. Risasi isiyo na risasi, Kiswahili kinachekesha. Ikasaidia, lakini wakubwa walikuwa wameshaanza kuangalia kwingine.

Kwingine ni wapi? Ni vifuani mwa Warusi na Wachina. Mei 2017 Jenerali Mark Milley, wakati huo mkuu wa jeshi la nchi kavu, aliwaambia maseneta kwamba 5.56 haipenyi fulana mpya zenye mabamba. Bamba la kisasa la kauri na plastiki ngumu ni balaa: kauri inakipasua kichwa, tabaka la nyuma linavikamata vipande. Mpango wa bunduki mpya ukaanza, na Aprili 2022 kampuni ya SIG Sauer ikashinda mkataba wa miaka 10.

Risasi yenyewe ni 6.8 kwa 51. Hapo kwenye jina pana ujanja, ukikipima kichwa chake utapata milimita 7.04. Yaani baada ya miaka 70 wamerudi pale pale walipomkatalia Mwingereza! Ila wao wameipandisha nguvu. Toleo la kiraia linaloitwa .277 Fury, kichwa cha gramu karibu 8.7, linatangazwa kwa kasi ya mita zaidi ya 900 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya joule 3,500, na kutoka kwenye mtutu mfupi. Nguvu hiyo inatoka wapi? Presha. Tairi la gari dogo unajaza 30 na kidogo kwa kipimo cha mashine ya kujazia upepo. Ndani ya chemba ya 5.56 ni kama 62,000 kwa kipimo hicho hicho. Hii mpya ni 80,000. Shaba nyeupe haihimili hapo, kitako kinaweza kupasuka. Kwa hiyo ganda limetengenezwa vipande viwili: kitako cha chuma cha pua, mwili wa shaba, vimeshikanishwa kwa pete ndani. Kwa ufundi tu, nawavulia kofia. Ganda la kijeshi lilikuwa karibu lile lile tangu enzi ya Mauser, na hawa wamethubutu.

Pia kuna sayansi ya umbo. Kichwa kirefu chembamba kinapoteza kasi polepole kuliko kifupi kinene. Wawindaji na walenga shabaha walishaliona hilo zamani, 6.5 Creedmoor ya mwaka 2007 ikifika mita 1,000 bado inakwenda kasi kuliko sauti, wakati 7.62 ya kawaida ya NATO imeshashuka chini ya sauti kabla ya hapo, na kichwa kikivuka mpaka wa sauti kinayumba. Siyo bahati kwamba makomando wa Marekani waliichagua hiyo 6.5 kwa walenga shabaha wao.

Haya, gharama yake. M4 bila kitu ina uzito wa kama kilo 2.9. M7 ni kama 3.8, ukiongeza kizuia sauti inapita 4.4, na bado darubini yake yenye kompyuta hujaifunga. Magazini ya M4 ni risasi 30, ya M7 ni 20. Magazini saba ni saba: mwenye M4 ana risasi 210, mwenye M7 ana 140. Mwaka 2025 kapteni mmoja wa jeshi lao hilo hilo alisimama kwenye mkutano Washington akasema bunduki haifai kuwa ya askari wa kawaida, risasi zinaisha mapema mno. Kampuni ikajibu kwa ukali kwamba bunduki ni salama na nzuri. Sisi tunaangalia kwa mbali, lakini ukisoma historia utaona kapteni anasema yale yale yaliyosemwa dhidi ya M14 wakati wa Vietnam.

Mimi maoni yangu? Naona wanasanifu risasi ya vita vya kwenye makaratasi. Ya 1980 ilimsubiri Mrusi ikakutana na Msomali. Hii ya sasa inamsubiri mtu mwenye bamba kifuani aliye mita 500. Lakini angalia Ukraine tangu 2022: mabomu ya mizinga na droni ndizo zinazomaliza watu, bunduki inabaki ya handaki kwa handaki, mita 50, pale ambapo unataka risasi nyingi, siyo kubwa. Naweza kuwa nimekosea. Wakati wa M16 pia walikuwepo waliosema ni mwanasesere.

Sasa kuna jambo ambalo magazeti ya Ulaya hayaligusi, na kwetu ndilo lenye uzito. Ile 6.8 ya kawaida, yenye chuma cha pua, haitoboi bamba gumu kuliko yote. Kutoboa hilo kunahitaji kichwa chenye kiini cha wolframu, chuma kizito karibu mara mbili ya madini ya risasi na kigumu kupita kiasi. Wolframu inatoka wapi? Sehemu kubwa kabisa ya dunia, kama asilimia 80, inatoka China. Februari 2025 China ikaweka masharti ya kuiuza nje. Kwa hiyo Mmarekani anasanifu risasi ya kumtoboa Mchina kwa madini ya Mchina!

Anatafuta kwingine, na kwingine ni nyumbani. Rwanda ina mgodi wa Nyakabingo, mmoja wa migodi mikubwa ya wolframu Afrika, na mwaka 2025 mzigo wake ulianza kwenda kiwandani Pennsylvania. Upande wa pili wa mpaka ni Kivu. Wolframu ni mojawapo ya yale madini yaliyotajwa kwenye sheria ya Marekani ya 2010, kifungu cha 1502, pamoja na bati, koltani na dhahabu, eti makampuni yaseme kama madini yao yanafadhili vita vya Kongo. Sisemi kila jiwe la wolframu lina damu, na Nyakabingo haiko Kivu. Nasema hivi: bei ya wolframu ikipanda kwa sababu jeshi moja limeamua risasi yake iwe na kiini kigumu, kijana wa Kivu Kusini mwenye sururu atajua kabla ya mwandishi wa Washington. Na mwenye SMG anayemtoza kijana huyo pale njiani naye atajua. SMG hiyo itakuwa na risasi ya 1943.

Ndiyo, ile ile. Katika pilikapilika zote hizi 7.62 kwa 39 haijaondoka Afrika Mashariki na haitaondoka leo. Risasi iliyotunzwa vizuri pakavu inaweza kukaa miaka 50 na ikalia. Bunduki bila risasi ni rungu tu, kwa hiyo anayetaka kujua nani anachochea wizi wa mifugo kati ya Turkana na Karamoja asihesabu bunduki, aokote maganda. Kila ganda lina mhuri kwenye kitako: kiwanda na mara nyingi mwaka. Watafiti wa Small Arms Survey walifanya hivyo, na ripoti yao ya 2008 kuhusu Turkana Kaskazini iliumbua watu: karibu nusu ya risasi zilizozagaa kinyume cha sheria kule zilitoka mikononi mwa polisi wenyewe wa Kenya, wakiwapa wenyeji wajilinde dhidi ya wavamizi. Siyo wafanyabiashara wa Ukraine. Ghala la serikali.

Nchi zetu zina viwanda, tusijifanye hatujui. Mzinga pale Morogoro, Eldoret Kenya, Nakasongola Uganda. Mwaka 2021 Kenya ikafungua pia kiwanda cha kuunganisha bunduki ndogo Ruiru. Swali langu kwa wakubwa ni jepesi. NATO ikianza kuhamia 6.8, hata kidogo kidogo, yale mamilioni ya risasi za 5.56 na bunduki zake yatatafuta kaburi, na kaburi la rahisi ni "msaada wa kijeshi" kwa nchi maskini. Tutapokea? Tukipokea tutakuwa na 7.62 ya Mrusi, 7.62 ya NATO na 5.56 kwenye ghala moja, na vipuri vya kila moja. Na nani anazihesabu? Nani anapima baruti iliyozeeka? Baruti isiyo na moshi inaoza yenyewe polepole, ndani inawekewa dawa ya kuzuia, dawa nayo inaisha, na joto la Dar halisaidii. Watu wa Mbagala, Aprili 2009, na Gongo la Mboto, Februari 2011, hawahitaji kufundishwa ghala la jeshi likilipuka linakuwaje. Yaliyoruka pale yalikuwa mabomu makubwa, siyo risasi za SMG, lakini daftari la ghala ni moja. Mwaka 2023 Umoja wa Mataifa ulipitisha utaratibu wa kusimamia risasi na mabomu tangu kutengenezwa mpaka kuharibiwa. Ni wa hiari. Ningependa kumsikia mbunge hata mmoja wa Afrika Mashariki akiuliza tumefikia wapi nao.

Nimeandika mengi, na najua wengine humo kafe dakika zenu zinahesabika. Waliopitia JKT mnaoijua SMG begani, na ndugu zetu wa Kenya mlioshika G3, mtuambie kwenye maoni hapo chini: ipi ingekushinda kubeba siku nzima, na risasi ngapi zilibaki jioni? Wa Bukavu na Goma, nyie nitafurahi mkiniambia wolframu sasa hivi inanunuliwaje huko.